Je, Bado Upo?

Saa tisa kasoro dakika tano alasiri, fundi cherehani aliondoa mguu kwenye pedali, akachomeka sindano ya mkono kwenye kimto chake, akapangusa vidole kwa kipande cha kitambaa. Mteja aliyekuwa kwenye benchi akisubiri gauni lake alitazama saa ya ukutani, halafu akamtazama yeye.

"Fundi, si umebakiza pindo tu?"

"Nimebakiza pindo."

"Sasa waenda wapi?"

"Kuna mtu nakwenda kumjibu. Dakika chache tu, mama. Niwie radhi."

Mteja hakuwa amesikia mtu yeyote akiita. Alimwona fundi akipita ukumbini, akasimama mbele ya mlango wa chumba cha mwisho, akapiga hodi kwa kidole kimoja, kisha akaingia.

Chumba kilikuwa safi. Kitanda kilitandikwa, viatu vya kiume vilikaa chini yake vikielekea ukutani, na shati la samawati lilining'inia kwenye msumari, limepigwa pasi. Pazia lilikuwa limefungwa ili jua lisiipige kompyuta iliyokuwa mezani. Kompyuta ilikuwa inawaka. Feni yake ilivuma kwa sauti ndogo isiyopanda wala kushuka, na kwenye skrini mistari ya maandishi ilikuwa ikipanda juu mmoja mmoja, kila baada ya dakika mbili.

Fundi alikaa kwenye ukingo wa kiti, kama mtu anayekalia kiti cha mwenzake. Alivaa miwani yake ya kushonea. Saa tisa na dakika mbili, mistari ilisimama. Kisanduku cheupe kikatokea katikati ya skrini.

*Je, bado upo?*

Chini yake palikuwa na vitufe viwili, NDIYO na HAPANA.

"Yupo," alisema fundi taratibu, akabonyeza NDIYO. Mistari ikaanza kupanda tena.

Aliporudi kwenye cherehani, mteja alimuuliza kwa utani, "Haya, umemjibu huyo mtu wako?"

"Nimemjibu."

"Nani huyo asiyejua kuja mwenyewe hapa?"

"Mwanangu mkubwa," alisema fundi, akaweka mguu kwenye pedali.

Mteja alikuwa amehudhuria mazishi ya huyo mwana mkubwa wiki tano zilizopita. Alisimama nyuma kabisa, kwa sababu viatu vyake vilikuwa vikimbana. Pindo lilipokwisha alilipa, akakunja gauni bila kulijaribu, akaondoka.

* * *

Asubuhi iliyofuata, kwenye kioo cha kaunta ya maktaba ya chuo, kulibandikwa karatasi. Ilisema kwamba majarida ya mtandaoni ya mchapishaji mmoja mkubwa hayapatikani chuoni kote, mpaka itakapotangazwa vinginevyo, kwa sababu ya upakuaji uliopita kiasi kutoka kwa mtumiaji mmoja.

Foleni ilikuwa ndefu na ilikuwa na hasira. Ilikuwa imebaki wiki moja wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakabidhi kazi zao za utafiti.

"Mtumiaji mmoja! Chuo kizima tunafungiwa kwa ajili ya mtu mmoja!"

"Alikuwa anapakua nini chote hicho? Anataka kufungua maktaba kwao?"

"Akipatikana, afungiwe kule chini kwenye stoo ya magazeti ya zamani, alale na panya wiki nzima. Kusoma atasoma!"

"Panya wenyewe wataomba wahamishwe," alisema msichana aliyekuwa wa nne kwenye foleni, na watu wakacheka.

Msichana huyo alikuwa binti wa fundi cherehani, na kwao alikuwa akiitwa Chiriku. Kaka yake ndiye aliyempa jina hilo tangu utotoni kwa sababu alikuwa akiongea bila kupumua. Tangu msiba, jina lilibaki lakini maneno yalikwisha. Utani huu wa panya ulikuwa wa kwanza kumtoka kwa wiki tano, na alipousikia ukichekwa, naye alicheka.

Mbele yake alisimama daktari wa hospitali ya chuo akiwa na koti lake jeupe. "Nina mtoto wodini," alikuwa akimwambia mkutubi. "Sitaki jarida zima. Nataka makala moja. Moja tu."

"Nimeandika barua, daktari," alisema mkutubi. "Nimepiga na simu. Nasubiri kama wewe."

Daktari aliondoka bila kuaga. Zamu ya Chiriku ilipofika, alitoa kadi yake. Mkutubi alikuwa mtu mzima mwenye sweta lililotoboka kiwiko, mpole, asiye na haraka. Aliisoma namba ya kadi. Akaisoma mara ya pili, akiifuata kwa kidole. Kisha akamwinulia macho.

"Binti, pita huku ndani."

Ofisini alifunga mlango, akamvutia kiti, akageuza skrini upande wake.

"Namba hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Neno la siri umempa mtu?"

Chiriku alitazama kiwiko kilichotoboka.

"Wenye majarida walikuandikia mara mbili. Sisi tulikuandikia mara moja. Barua pepe ya chuo huifungui?"

"Huwa ni matangazo ya mahafali, na watu waliopoteza funguo."

"Na hayo yamo," alikubali mkutubi. "Sikiliza mwanangu. Kusoma hakuna aliyekukataza. Soma makala kumi kwa siku, soma hamsini kama macho yako yanakubali. Lakini namba yako imechukua makala moja kila dakika mbili, mchana na usiku, kwa wiki nne. Haiendi kula. Haisinzii. Hakuna binadamu anayesoma hivyo, na wenye mali wanalijua hilo."

"Si chuo kimelipia?"

"Tumelipia kusoma. Hatukununua. Zamani gazeti likifika hapa ni letu, hata mchwa wakilila wanakula mali yetu. Haya ya mtandaoni yako kwao. Sisi tumepewa mlango, na mkataba wa namna ya kuutumia. Mkataba unasema mashine isichote. Wakiona inachota hawaulizi ni nani, maana wao hawaoni watu, wanaona mlango tu. Basi wanaufunga. Watu elfu nane wanabaki nje. Na yule daktari. Na mashine hiyo bado inachota kwa wachapishaji wengine, nao watafunga."

Chiriku aliyakumbuka maneno yake ya panya. Masikio yake yakapata moto.

"Kuna jambo la pili," alisema mkutubi, na sauti yake ilishuka. "Kila mashine inapopita kwetu inaacha jina lake. Hii inaitwa Profesa." Ndivyo kaka yake Chiriku alivyokuwa akiitwa, nyumbani na chuoni.

Alisubiri. Nje ya mlango foleni ilikuwa bado inalalamika.

"Nilimjua. Alikuwa akikaa pale dirishani, meza ya tatu. Alikuwa akiniletea kalamu zilizosahauliwa na wenzake. Nilikuja kuzika, ingawa hamkuniona. Sasa nieleze mimi mtu mzima. Mfumo wetu huuliza mara moja kila siku kama mtumiaji bado yupo. Programu haiwezi kujibu, lazima mtu abonyeze kwa mkono. Juzi nilikaa kwenye kiti hiki nikaangalia. Saa tisa na dakika mbili ikauliza. Nikasema moyoni, asijibu. Nakuapia, nikasema asijibu." Alivuta mikono ya sweta mpaka kwenye viganja. "Akajibu."

"Ni Mama," alisema Chiriku.

Akamweleza. Kaka yake alikuwa akisomea kutu ya mabomba ya maji. Siku alipokwenda hospitali aliwaambia ni vipimo vya siku mbili tu. Kabla ya kutoka aliwasha programu aliyoitengeneza mwenyewe, aliyoiita kapu. Alihofia kwamba akimaliza masomo mlango wa majarida utafungwa, akataka aondoke na akiba. Akamwambia mama yake, usiizime mpaka nirudi, na saa tisa itakuuliza swali, wewe bonyeza NDIYO. Alikaa wodini wiki mbili. Kila siku aliuliza kwa simu kama bado inakwenda, na mama akamwambia inakwenda. Siku ya mwisho hakuuliza.

Wiki moja baada ya mazishi usajili wake ulifungwa, na skrini ikaandika kwamba mtumiaji hatambuliki. Mama alikaa sakafuni mbele ya meza hiyo akakataa kula. Chiriku aliingiza namba yake mwenyewe na neno lake la siri, ili tu mama ainuke.

"Akainuka?" aliuliza mkutubi.

"Akainuka. Akaenda kushona."

Mkutubi aliirudisha skrini upande wake. Halafu akavuta karatasi.

"Nikikufungia mimi, jina lako linakwenda kwenye kamati ya nidhamu, na mwaka huu huhitimu. Mkizima wenyewe, na kufuta vyote mlivyochota, na nyinyi mkatia sahihi hapa kwamba vimefutwa, nitaandika kwamba tatizo limekwisha na mtumiaji ameonywa. Wenye majarida watafungua. Lakini wamenipa mpaka kesho saa kumi jioni. Baada ya hapo si mimi tena."

Chiriku alikunja karatasi. Alipokuwa akiinuka, mkutubi alisema, kama mtu asiyetaka kusema, "Umeziona anazochukua?"

"Za mabomba."

"Njoo uone."

Orodha ilikuwa ndefu kuliko kidole cha mkutubi kilivyoweza kuishusha. Ilianza na kutu. Kutu kwenye chuma, kutu kwenye viungio. Kisha maji yanayopita kwenye mabomba yenye kutu. Kisha watu wanaokunywa maji hayo. Kisha damu yao. "Na tangu siku kumi na moja zilizopita," alisema mkutubi, "ni figo. Figo tu."

Kaka yake alikufa kwa figo.

* * *

Baba yao alikuwa fundi bomba. Jioni hiyo alimsikiliza binti yake akiwa amesimama jikoni, spana yake kubwa bado mkononi. Kuhusu chumba cha mwisho hakuwa na la kusema kwa sababu hakuwa amekiingia tangu msiba. Akipita ukumbini alikuwa akitembea upande wa pili.

"Nimeelewa," alisema Chiriku alipomaliza. "Mkutubi ana haki."

"Ngoja nikueleze ulichoelewa," alisema baba. "Mtaa mzima una bomba moja. Kila nyumba inafungua koki, maji yanatoka kidogo kidogo, kila mtu anajaza ndoo yake. Halafu kuna mjanja mmoja anafunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Anavuta. Tangi lake linajaa, linamwagika. Wenzake wanafungua koki inatoa upepo. Mamlaka ya maji ikija haiendi nyumba kwa nyumba kutafuta pampu. Wanafunga koki kuu, kwisha. Nimewatukana watu wa namna hiyo miaka ishirini na sita." Aliweka spana mezani. "Kumbe mwenye pampu ni mwanangu."

"Hakufunga pampu kwa ubaya," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Mama alikuwa amesimama pale, futi ya kupimia shingoni. Hawakujua alisikia kuanzia wapi.

"Hakuna aliyesema ni kwa ubaya, mke wangu."

"Chiriku, huyo mzee wako wa maktaba amekwambia Profesa anatafuta nini sasa?"

Chiriku alimtazama baba, kisha sakafu. "Unajua?"

"Kizungu sijui. Lakini kuna neno nililiona kwenye kila karatasi ya hospitali. Juu kwenye fomu, kwenye chupa, mlangoni pa wodi. Nimelishonea machoni hilo neno." Alikuwa akiongea bila kupandisha sauti, kama anayemweleza mteja kuhusu mkono wa gauni. "Siku kumi na moja zimepita tangu lilipoanza kupita kwenye kioo. Mstari baada ya mstari. Daktari alituambia nini? Si alituambia ugonjwa ulikuwemo siku nyingi na mgonjwa mwenyewe hakujua? Hakujua. Sasa anatafuta ajue kilichomchukua. Na nyie mnataka nimkatize kabla hajapata."

"Mama, hatafuti mtu. Ni programu. Kila makala mwishoni ina orodha ya makala nyingine, yenyewe inafuata tu. Kutoka kwenye bomba inakwenda kwenye maji, kutoka kwenye maji inakwenda..."

"Kwenye figo."

"Ingeweza kwenda popote."

"Lakini imekwenda wapi?"

Toka ukumbini, feni ndogo ilisikika ikivuma. Wote watatu waliisikiliza, na kila mmoja aliona kwamba wenzake wanaisikiliza.

"Kuna mtoto wodini," alisema Chiriku mwishowe. "Daktari wake alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Anataka makala moja tu, amenyimwa."

"Mtoto wa nani?"

"Sijui. Wa mtu."

Mama aliivua futi shingoni, akaanza kuikunja. Aliikunja mpaka ikawa ndogo kama kifungo kikubwa, akaifungua, akaikunja tena.

"Anaumwa nini?"

"Sikuuliza, Mama."

* * *

Kesho yake asubuhi mama alikwenda dukani kununua uzi. Chiriku aliingia chumba cha mwisho peke yake. Alikuwa amekusudia kuichomoa waya, kufuta, kutia sahihi, na kungoja hasira zije baadaye. Mistari ilikuwa ikipanda. Figo, kwa herufi zilezile za wodini. Kulikuwa na joto kidogo upande wa kiti, pale hewa ya feni ilipotokea, joto kama la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Aliweka mkono kwenye waya. Akauondoa, akatoka akaketi kwenye benchi la wateja. Pale ndipo mama alipomkuta.

"Ulitaka kuizima."

"Nilitaka."

"Kwa nini hukuizima?"

"Ningekuwa nimemjibu badala yako."

Mama aliweka uzi juu ya cherehani. "Mwisho wenu saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi tungoje saa tisa. Akiuliza, nitamjibu mwenyewe."

Siku hiyo fundi hakushona. Mteja mmoja alikuja kuchukua suruali, akaambiwa arudi kesho, akauliza kama kuna mgonjwa. Baba naye hakwenda kazini, jambo ambalo hakulieleza. Saa nane na nusu alinawa mikono mpaka viwiko, akavaa shati safi. Saa tisa kasoro robo alikuja mpaka mlangoni pa chumba cha mwisho, akasimama nje ya kizingiti.

"Ingia, baba Profesa," alisema mkewe. "Hakuna anayekuuma."

Aliingia. Hakujua akae wapi, hivyo akasimama karibu na shati la samawati, na baada ya muda akalinyoosha kola iliyokuwa imekwisha nyooka.

"Ina vitu vingapi humo ndani?" aliuliza.

"Makala elfu thelathini na tano na kitu," alisema Chiriku.

"Angezisoma lini?"

"Asingezisoma, Baba. Maisha yasingetosha."

Alijuta kusema neno hilo, lakini hakuna aliyelishika. Mama alikuwa amekwisha kaa kwenye ukingo wa kiti, miwani machoni. Walingoja. Saa ya ukumbini ilisikika. Mstari ukapanda. Dakika mbili zikapita, mwingine ukapanda. Chiriku alijikuta akitamani isiulize, leo tu, siku hii moja iache.

Saa tisa na dakika mbili mistari ilisimama.

*Je, bado upo?*

Mama hakubonyeza. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, kidole kikiwa kimenyooka, na kwa mazoea ya wiki saba kilikuwa upande wa NDIYO. Kisanduku kilingoja. Chini yake palikuwa na namba zilizokuwa zikihesabu kurudi nyuma, hamsini, arobaini na tisa, ambazo hakuwahi kuziona kwa sababu hakuwahi kuchelewa.

"Ukinyamaza itajifunga yenyewe," alisema Chiriku kwa sauti ya chini. "Si lazima ubonyeze."

"Ameuliza," alisema mama. "Hawezi kuuliza asijibiwe."

Ishirini na moja. Ishirini.

Kidole kilisogea. "Hapana, mwanangu," alisema, na akabonyeza.

Skrini ikaandika kwamba maktaba inamshukuru kwa kusoma. Mama alivua miwani, akaikunja, akageuka akatazama ukuta. Baba aliweka mkono begani kwake na kuuacha hapo.

Kufuta kulichukua dakika ishirini. Majina yalipita kinyumenyume. Kwanza zilikwenda figo, kisha damu, kisha maji, kisha mabomba, na mwisho kabisa kutu. Feni ilivuma kwa nguvu kuliko siku zote, halafu ikatulia. Kapu lilibaki na faili moja dogo ambalo halikutoka maktaba. Chiriku alilifungua.

Lilikuwa limeandikwa kwa Kiswahili, kwa mtindo wa haraka wa kaka yake, asubuhi ileile aliyoondoka na begi lake kwenda kwenye vipimo vya siku mbili. Ilikuwa ni orodha ya kuliongoza kapu.

*1. Kutu. 2. Mabomba ya chuma. 3. Maji ya kunywa. 4. Damu. 5. Figo. Hizi ziwe za mwisho. Nikichelewa kurudi Mama asije akaziona mapema. Bora aamini sikujua.*

Chiriku alisoma mara moja tu. Aliona jinsi kaka yake alivyokuwa amepiga hesabu, siku kwa siku, akiamini kwamba kabla kapu halijafika kwenye namba tano atakuwa amerudi na kuketi mwenyewe kwenye kiti hiki.

"Kuna kitu kimebaki?" aliuliza mama, bado ametazama ukuta.

Yule Chiriku wa zamani angekwisha kusema.

"Orodha ya mabomba, Mama. Ya shule."

"Ifute nayo. Wasije wakakusumbua."

Aliifuta. Akazima kompyuta. Nyumba ikanyamaza kiasi kwamba walisikia koki ya jikoni ikidondosha tone, na baba akasema, "Mpira wa koki hiyo umechakaa," akaenda kuleta spana, na wakamsikia akikaa jikoni muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Saa kumi kasoro dakika tano mkutubi alipokea karatasi juu ya kaunta. Sahihi zilikuwa mbili, ya Chiriku na nyingine iliyoandikwa taratibu, herufi moja moja. Hakuuliza ya nani. Asubuhi iliyofuata ile karatasi ya kwenye kioo ilikuwa imebanduliwa, na foleni ilikuwa imekwisha. Yule daktari alikuwa wa kwanza kukaa kwenye kompyuta. Aliisoma makala yake moja, akainuka, akaondoka akikimbia kidogo.

* * *

Siku hiyo Chiriku alirudi nyumbani mapema. Aliketi mezani kwa kaka yake, kwa sababu ndiyo meza pekee iliyokuwa na nafasi, akafungua daftari lake la utafiti. Alikuwa amefungua pazia. Jua lilifika mpaka kwenye viatu vilivyo chini ya kitanda. Upande wa mbele cherehani ilikuwa ikienda, ikisimama, ikienda.

Saa tisa kasoro dakika tano ilisimama na haikuanza tena.

Alisikia kiti kikisogea. Alisikia hatua za mama yake zikija ukumbini, taratibu, kama kila siku, mpaka nje ya mlango. Hapo zikatulia. Chiriku aliacha kuandika. Kidole kimoja kikagonga mlango, na kwa muda hakuna kilichofuata. Alifikiri mama atageuka arudi, au ataingia akatazame kioo cheusi.

"Chiriku," ilisema sauti ya mama, ndogo, yenye haya kidogo. "Bado upo?"

"Nipo, Mama."

Kisha hatua zikarudi zilikotoka, na baada ya dakika mbili cherehani ikaanza.